Salamu Kumi na Mbili

Salamu ndefu humfukuza mgeni. Mwalimu wenu Yusta amewaambia hivyo leo darasani, mmoja wenu alipolijaza duka lake la mtandaoni picha za kukaribisha, nanyi mkanijia mnacheka: eti bibi, tangu lini salamu ikamfukuza mtu? Haya, kaeni. Methali hii ilianzia hapa hapa Lyasaka, na mimi sioni cha kuchekesha. Nikiikumbuka damu bado inanichemka.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili, tukisuka vikapu vya milulu, yale majani marefu ya majimajini. Milulu yetu ilitoka bondeni, na bonde lilikuwa mali ya kijiji. Mwaka ule akaja tajiri mmoja wa vitunguu, akalitaka. Serikali ya kijiji ikatuambia: onyesheni kwamba vikapu vyenu vina wateja, la sivyo bonde anapewa yeye. Tukapewa muda mpaka mkutano wa mwezi wa tisa.

Tukaamua kufungua duka kwenye mtandao. Tukamwita fundi kutoka mjini, Evodius, kijana wa maneno matamu na viatu visivyojua matope. Akatuuliza tunataka duka la namna gani. Hapo ndipo tulipojiroga wenyewe. Kwetu humwonyeshi mtu kikapu kabla hujamwambia kamwene, salamu yetu ya huku, na kumuuliza habari za nyumbani. Ukikiuka hilo, watasema hukulelewa. Basi tukamwambia Evodius: mteja akiingia, asalimiwe kwanza. Na nani? Kila mmoja akataka awe yeye. Tulibishana siku nzima, mwisho tukakubaliana asalimiwe na wote, mmoja mmoja, kwa video. Yangu ilikuwa ndefu kuliko zote. Niliuliza hadi habari za mvua.

Evodius alijua. Hilo ndilo linaloniuma. Alijua kwamba video kumi na mbili ni mzigo, na kwamba simu nyingi za watu zingeshindwa kuubeba. Lakini alilipwa kwa kila video, kwa hiyo alinyamaza akarekodi, akaongeza na ngoma juu. Alipotuonyesha kazi yake kwenye kompyuta ya ofisini kwake mjini, tulipiga vigelegele kama wajinga.

Miezi miwili ikapita, hakununua mtu. Siku ya mkutano, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kihwele, akasema, "Hebu tulione hilo duka." Akatoa simu yake mwenyewe, watu wakamzunguka. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Baadaye sana akatokea mwenzetu Sekidava: "Kamwene mgeni wetu, karibu." Kiduara tena. Wa pili akakwama mdomo wazi. Wa nne alipoanza kuuliza habari za watoto, bando likaisha.

"Vikapu viko wapi?" Mzee Kihwele akauliza.

"Viko mbele," nikajibu. "Baada ya salamu."

"Salamu ngapi?"

"Kumi na mbili."

Walicheka hadi wengine wakatoka nje. Evodius akasimama, akasema duka halina kasoro, tatizo ni mtandao wa huku kijijini. Sekidava ni mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile.

"Duka hili umemjengea nani?" akamuuliza. "Ulijua halitafunguka, Evodius. Ulijua, ukatuacha tujisifu."

Mzee Kihwele akairudisha simu mfukoni. "Mama zangu," akasema, "salamu ndefu humfukuza mgeni." Kisha akaitisha kura, mikono ikanyooshwa, na bonde likaenda.

Huyu Yusta wenu ni binti wa Sekidava. Wiki ile ile alikaa chini akatengeneza duka jingine: picha ndogo ya kikapu, bei yake, namba ya kupiga. Basi. Lilifunguka hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa, na gharama yake kila mmoja wetu aliimudu. Baadaye akawajengea wafinyanzi na wachonga vinu, na ndiyo kazi anayowafundisha ninyi.

Mwezi haujaisha, akapiga simu mama mmoja wa Dodoma, anataka vikapu mia mbili. Nilimpokea mimi. Akasema, "Afadhali safari hii nimeviona. Mwezi wa nane nilijaribu mara tatu, nikawa naona kina mama wananisalimia tu, nikakata tamaa."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikashuka hadi ukingoni mwa bonde. Milulu ilikuwa imeshang'olewa yote, wanapiga matuta ya vitunguu. Vikapu vyake tulivisuka kwa milulu ya kununua kijiji cha jirani, na mpaka leo tunainunua huko.

Mwezi wa nane, wajukuu zangu, bonde lilikuwa bado letu. Salamu ndefu humfukuza mgeni.