Ukucha Ukizidi, Hakikatwi Kidole

"Ukucha ukizidi, hakikatwi kidole." Mmeisikia leo kwa fundi simu, mkadhani ni ya mababu. Mababu gani! Methali hii ni changa, na ilipozaliwa mimi nilikuwepo. Kaeni niwaambie ilikotoka.

Nilikuwa nafundisha kompyuta sekondari hapa Tukuyu. Mwanafunzi wangu mmoja, Sekela, alikuwa binti wa fundi cherehani, Mzee Mwakalinga. Siku ya mashindano ya kuandika programu baba yake alimwambia waziwazi: "Ukishindwa leo, kompyuta basi. Utakaa dukani ushone." Na mzee yule hakuwa mtu wa kutishia nyau. Alikuja mwenyewe ukumbini akakaa karibu nami, amenuna.

Fumbo lilihusu namba za Kirumi zilizoandikwa kwa urefu wa kuchosha: nne imeandikwa IIII badala ya IV, tisa VIIII badala ya IX. Programu izifupishe zote. Sekela na mwenzake Nsajigwa wakaamua programu yao itafute ile mikia mirefu tu, ya nne na ya tisa, na kuipunguza. Wakajaribu. Nne ikatoka sawa, lakini tisa ikatoka VIV. Namba gani hiyo jamani?

Nsajigwa akachanganyikiwa. "Tufute yote! Tuzigeuze ziwe namba za kawaida, halafu tuziandike upya kwa Kirumi."

"Muda hautoshi!"

"Hii imeshaharibika, Sekela!"

Mimi kosa nilishaliona, ila mwalimu haruhusiwi kusema. Roho iliniuma, nikabaki natafuna pindo la kitenge.

Nsajigwa akapeleka mkono kufuta. Sekela akaudaka. "Weee! Ukucha ukizidi, utakata kidole?"

"Sasa tufanyeje?"

"Mpangilio ndio mbovu. Tumeanza kukata nne, ikaivamia tisa: V imebaki palepale, mkia wake umekuwa IV. Tuanze na tisa, nne ifuate."

Akapandisha mstari wa tisa juu ya mstari wa nne. Kingine hakukigusa. Jaji akaipitisha programu kwenye namba zote, na skrini ikaandika SAHIHI kabla timu nyingine yoyote haijamaliza. Nilipiga vigelegele bila haya!

Mzee Mwakalinga akanigeukia. "Mwalimu, pale alipomshika mwenzake mkono, alimwambia nini?"

Nikamweleza yote, mpaka ule mstari uliopandishwa. Akacheka, kisha akajifuta macho.

"Mimi gauni likizidi urefu napunguza pindo, silichani," akasema. "Kumbe binti yangu nilitaka kumchana mzima."

Sekela hakukalishwa dukani. Na baba yake, kwa majivuno ya mzazi, akawa hanyamazi. Mteja akija kulalamika kwamba anamfukuza mke kwa sababu ya chumvi, au anamtoa mtoto shule kwa mtihani mmoja, mzee anasimamisha cherehani, anamtazama usoni na kumwambia: "Binti yangu alisema, ukucha ukizidi, hakikatwi kidole."