Somoe na Mkeka wa Mara ya Pili

Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye kiu akanywe maji sasa, maana hadithi hii nikiianza sirudi nyuma. Mara ya mwisho niliisimulia harusini, na watu walibishana mpaka bibi harusi akatoka ndani kuja kusema lake. Na nyinyi nawajua, mtabishana tu.

Hapo zamani, tena zamani hasa, palikuwa na mji uitwao Mikekani. Watu wa Mikekani hawakuwa na taabu ya kujiuliza mtu afanye nini na maisha yake. Jambo hilo walilimaliza mapema. Mtoto akitimiza siku arubaini alinyolewa, akabebwa mgongoni na mama yake, akatolewa nje kwa vigelegele, akalazwa juu ya mkeka mkubwa katikati ya uwanja. Pembeni yake zilipangwa zana: jembe, tezo, sindano, chungu, mwiko. Sasa mtoto wa siku arubaini anajua nini? Anarusharusha mikono tu, anatafuta kunyonya. Lakini mkono ukiangukia kitu, mji mzima ulipiga kelele: "Ameshika!" Basi, ameshika. Aliyeshika jembe alilima mpaka kufa, na aliyeshika sindano alishona mpaka kufa, hata kama haoni tundu la uzi.

Katika mji huo alikuwako mwanamke, jina lake Somoe. Somoe alishika mwiko. Tangu hapo yeye ndiye aliyepika karamu zote za Mikekani, na pilau yake, jamani, niacheni nimeze mate kwanza. Watu waliachana makusudi ili waoane upya na kuila tena.

Lakini Somoe mwenyewe hakuupenda mwiko. Alipenda zumari. Kila harusi, akiwa kwenye jiko la mji, vidole vyake vilicheza juu ya mpini wa mwiko utadhani mpini una matundu. Na mpiga zumari, Mzee Machano, akikosea sauti moja tu kule uwanjani, huku jikoni ungesikia kwaa! Somoe amegonga mfuniko wa sufuria kwa hasira.

Alipofika miaka thelathini na sita, Somoe aliamka asubuhi moja, akautazama mwiko, mwiko ukamtazama. Akauuliza, "Mimi na wewe, nani alimchagua mwenzake?" Akaubeba, akaenda nao moja kwa moja kwa Bwana Shekuwe, mtunza mkeka. Huyu alikuwa mtu aliyependa sheria kuliko kitu chochote, isipokuwa pilau.

"Bwana Shekuwe," akasema Somoe, "naomba unitandikie mkeka. Nataka kushika tena. Safari hii nikiwa na akili zangu."

Bwana Shekuwe alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Watu waliokuwa barazani kwake nao wakacheka, maana mwenye baraza akicheka utafanyaje?

"Bi Somoe!" akasema, anajifuta machozi. "Mkeka ni wa mtu aliyekaa ndani siku arubaini bila kutamka neno. Kisha anyolewe. Kisha mama yake ambebe mgongoni. Timiza hayo, mimi nitakutandikia hata ukiwa na ndevu!"

Somoe hakucheka. Akawageukia watu wa barazani. "Mmemsikia?"

"Tumemsikia!"

"Basi tuonane baada ya siku arubaini." Akafunga mdomo, akaenda zake nyumbani, akajifungia. Na Somoe, niwaambieni, alikuwa msemaji. Alikuwa akiongea hata na vitunguu. Siku ile ya kwanza aliuma ncha ya leso yake mpaka ikatoboka.

Siku ya pili Bwana Shekuwe akaona kumbe hakuna mzaha. Jasho likamtoka. Akaja mbio mlangoni pa Somoe na sheria nyingine mbili, anazisoma kwa sauti kupitia dirishani. Ya kwanza: zumari ni moja tu mjini, na haiwekwi mkekani ila mwenyewe aiweke kwa hiari, na akishaiweka haigusi tena maisha yake yote. Ya pili: mwiko wa mji haulali bila mkono. Somoe akiuacha, mume wake peke yake ndiye anayeruhusiwa kuupokea, kwa sharti aiache kazi yake mwenyewe asiirudie milele. Pasipopatikana mkono hadi jua kuzama, Somoe ataurudia mwiko, na asiombe tena mkeka hata afufuke.

Akaondoka anatabasamu. Alidhani amemaliza.

Kumbe hakuwa anamjua Bi Mize, mama yake Somoe. Bi Mize alikuwa kikongwe mdogo, mwembamba, ukimweka kwenye kapu unabeba. Na Somoe alikuwa mnene hasa, mwenye kuonja kila sufuria. Bi Mize alifanyaje? Siku ya tatu alfajiri alionekana akizunguka uwanja, mgongoni amefunga kuku. Watu wakacheka. Siku ya kumi amefunga mbuzi, na mbuzi analia njia nzima. Watu wakacheka. Siku ya ishirini amefunga gunia la mchele nusu. Wachache walicheka. Siku ya thelathini na tano amefunga gunia zima, miguu inatetemeka, jasho linachuruzika, na anaimba. Siku hiyo hakucheka mtu.

Na hakuwa anamjua Vuai, mume wake Somoe. Vuai alikuwa mkwezi wa minazi. Akiwa kileleni aliona mji wote chini ya nyayo zake, na upepo ukimpuliza alipiga mluzi kwa furaha. Hakuna mtu wa Mikekani aliyeipenda kazi yake kama Vuai. Lakini jioni ya siku ya pili alikiteremsha kitanzi cha kukwelea, akakitundika msumarini, akaenda kwenye jiko la mji kujifunza mwiko. Pilau ya kwanza ilikuwa makaa. Ya pili ilikuwa uji. Ya tatu bwana mmoja alikwenda nayo nyumbani akazibia ukuta uliobomoka, na ukuta ule, nasikia, bado umesimama. Vuai aliungua vidole vyote kumi. Akapika tena. Siku ya arubaini pilau yake ililiwa, japo watu walifumba macho.

Na hakuwa anamjua Mzee Machano. Mzee Machano alikuwa bado na pumzi ya kupiga zumari miaka kumi mingine, na wanawake bado walimrushia maua. Hakuambiwa na mtu, hakubembelezwa na mtu. Siku ya arubaini alikuja uwanjani amevaa kanzu yake nzuri, akaipiga zumari mara moja, akaipangusa, akaiweka mkekani. Mikono yake ilibaki hewani, haijui pa kwenda.

Sasa ngojeni, hapo nyuma msisukumane. Siku yenyewe imefika.

Mlango wa Somoe ukafunguliwa. Kichwa amenyolewa, kinang'aa kama sufuria jipya. Bi Mize akainama, Somoe akapanda mgongoni kwa mama yake, wakafungwa pamoja kwa kanga tatu zilizounganishwa. Bi Mize akainuka. Akayumba. Mji mzima ukayumba naye. Hatua moja, hatua mbili. Somoe miguu inaburuzika chini, anaikunja, inaburuzika tena. Vigelegele! Wengine wanalia, wengine wamekaa chini hawana mbavu kwa kicheko. Katikati ya uwanja Bi Mize akasimama, mzigo ungali mgongoni, akasema kwa sauti:

"Mwanangu, kabla sijakushusha nikwambie jambo. Siku ile ya kwanza hukushika wewe. Mimi nilikupaka asali kiganjani, nikaulaza mwiko karibu, ukakunata. Mwaka ule tulilala na njaa. Nikasema, mwanangu akipika hatakosa cha kula. Nisamehe."

Somoe hakuweza kujibu, kwa kuwa neno lilikuwa haramu kwake mpaka ashike. Aliegemeza shavu lake juu ya kichwa cha mama yake, na machozi yakamwagikia kikongwe usoni, ikawa hujui nani anayelia. Kisha akashushwa mkekani.

Akaanza kutambaa. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, kwa mikono na magoti, mbele ya wakwe zake! Zumari ilikuwa mwisho kabisa wa mkeka. Na mbele ya zumari, umeziba njia yote, ulikuwa mwiko. Ulimeremeta. Ulichuruzika. Bwana Shekuwe naye alikuwa amemsikia Bi Mize siku nyingi akiungama usingizini, maana walipakana ukuta, basi alfajiri ile aliumwagia mwiko chupa nzima ya asali. Mkono wa Somoe ukiugusa tu, umenata. Ameshika.

Somoe akafika, akanusa. Mkumbuke alikuwa na siku arubaini za mapishi ya Vuai tumboni. Tumbo likanguruma mpaka safu ya nyuma wakasikia. Akainamisha kichwa juu ya mwiko. Watu wakashika vifua. Vuai akafumba macho. Bwana Shekuwe akafungua mdomo tayari kupiga kelele.

Somoe akaweka mikono yake nyuma ya mgongo. Akatoa ulimi. Akaulamba mwiko ule juu, akaulamba chini, taratibu, bila haraka, mpaka ukabaki mkavu. Kisha akausukuma pembeni kwa pua, akapita.

"Amegusa!" akalia Bwana Shekuwe.

"Kwa ulimi!" mji ukamjibu. "Sheria inasema mkono!"

Somoe akanyoosha mkono, akaikamata zumari.

"AMESHIKA!"

Na kabla kelele hazijatulia, Vuai alikwisha ruka mkekani, ameunyakua mwiko kwa vidole vyake vilivyofungwa vitambaa, ameuinua juu. Akatupa jicho moja kwenye minazi, moja tu, akageuza uso.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kazi yenu inaanzia hapa. Desturi ya Mikekani ni kwamba mpiga zumari mpya, wimbo wake wa kwanza hupigwa mlangoni kwa mtu mmoja: yule aliyempa maisha yake. Mara moja tu, mlango mmoja tu. Na mtu huyo hutembea bega kwa bega na zumari katika kila harusi mpaka atakapokufa.

Bi Mize akasimama mbele ya mlango wake, amejishika kiuno. "Ni mimi. Nimekubeba tumboni, nimekubeba mgongoni, na mara ya pili nilikuwa na miaka sabini. Ni kweli nilikukosea. Lakini nani mwingine hapa amelibeba kosa lake likiwa na uzito huu?"

Vuai akasimama kwenye mlango wa jiko la mji. "Ni mimi, mke wangu. Mama amekubeba hatua hamsini. Mimi nitaubeba mwiko wako mpaka kufa. Nilikuwa juu ya mnazi na upepo, leo niko chini na moshi. Bila mkono wangu, jua likizama ungerudi jikoni."

Mzee Machano akasimama mlangoni kwake, mikono bado haijui pa kwenda. "Ni mimi, mwanangu. Wao wamekupa nafasi ya kushika. Mimi nimekupa kitu cha kushika. Miaka ishirini nilikosea palepale, na miaka ishirini ulinigongea mfuniko. Nilijua zumari si yangu. Ningeweza kunyamaza."

Watu wakaanza: mama! Hapana, mume! Hapana, mzee! Bwana Shekuwe naye akadiriki kusema kwamba bila masharti yake hakuna ambacho kingetokea, akarushiwa kandambili.

Ndipo Somoe akafumbua kinywa. Siku arubaini za ukimya, na neno la kwanza likawa hili:

"Na mimi je?"

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Mimi nilinyamaza, mimi Somoe! Mimi nilinyoa nywele zangu. Mimi nilitambaa mbele ya wakwe. Nilikuwa na njaa, asali iko mbele yangu, na mikono hii niliizuia mimi. Mlango wangu ni ule pale. Yupo aliyewahi kupiga wimbo wa kwanza mlangoni kwake mwenyewe?"

Bwana Shekuwe akafunua kitabu cha sheria, akakigeuza juu chini. "Hayupo," akasema. "Lakini pia hajakatazwa mtu."

Basi mwoneni Somoe. Amesimama katikati ya uwanja, kichwa kinang'aa, asali puani. Milango minne inamtazama. Hakuna anayejua zumari italia au itabweka, hata yeye mwenyewe hajui, anacheka tu. Ameiweka midomoni. Amevuta pumzi, mashavu yamejaa tele. Mguu wa kulia umeshainuka, na anawangojea nyinyi.

Semeni upesi, pumzi haikai mashavuni mpaka kesho. Aende mlango upi? Mama, mume, mzee, au Somoe mwenyewe: je, nani alistahili?