Mbwa Mwenye Kifaranga Kinywani

Wapendwa, hebu mnisikilize. Kulikuwa na mjane mmoja, mfuga kuku, mwenye mbwa wawili. Wa kwanza alikuwa wa ukoo wa walinzi, jani likidondoka getini atalibwekea. Wa pili mama huyo alipewa na mwindaji aliyekuwa akihama, akamlea kwa maziwa ya kijiko. Huyo kazi yake ilikuwa kuokota. Kandambili, mwiko, soksi ya mgeni, vyote alivibeba. Mama alimchapa mpaka mkono ukamuuma. Mwishowe akamfundisha neno moja tu: "Toa."

Siku moja mvua kubwa ilinyesha mama akiwa sokoni. Aliporudi, banda limejaa maji, vifaranga hawaonekani. Mara mbwa yule akatokea, manyoya yanachungulia mdomoni.

Jirani akashika mpini wa jembe. "Dada, mbwa akishaonja kifaranga hana dawa. Geuka huko, nimmalize."

Si ndivyo tulivyoambiwa sote? Mama alijua hivyo, na moyo ukamuuma kama anazika mtu. "Subiri, kaka yangu." Akapiga magoti kwenye tope, akakinga kiganja. "Toa."

Mbwa akafungua kinywa. Kifaranga akadondoka kiganjani, amelowa mate, akaanza kulia kwa njaa.

Mbwa akaelekea jiko la nje, nao wakamfuata. Kando ya mafiga, kwenye joto la majivu, walikuwapo vifaranga wenzake wote, wazima. Mama akaketi chini, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Mungu anisamehe," jirani akasema. "Na yule mlinzi yuko wapi?"

"Yuko getini. Anabwekea mvua."

Sasa tuje kwetu sisi. Babu zake mbwa yule waliwaokotea wawindaji ndege bila kuwatoboa. Kuokota kulikuwa damuni, hakuna fimbo iliyoiondoa tabia hiyo. Kutoa ndiko alikofundishwa. Bila la kwanza vifaranga wangezama, na bila la pili yeye mwenyewe angekufa. Je, huyo mtoto wako mbishi, unamfundisha, au unamchapa ili awe kama mtoto wa jirani? Mungu ameshampa asili yake. Kufundisha ametuachia sisi, na wengine wetu tumekwenda kutafuta mpini. Ashukuriwe Mungu, mtoto bado yupo nyumbani. Hatujachelewa.