Ufunguo wa Duka la Stendi

Hapo zamani, na si ile zamani ya mababu bali ile ambayo meno yangu yote yalikuwa bado kinywani, palikuwa na duka la vyakula Korogwe, la Mzee Shekivuli. Duka hasa: mchele, unga, maharage, sukari, mpaka tende za Ramadhani. Wafanyakazi walikuwa watatu, na kabla ya siku ninayoisema walikuwa wakila sahani moja.

Hatibu alikuwa wa stoo. Miaka kumi na minane amebeba magunia, hata bega la kulia likawa chini kuliko la kushoto. Mashavu alipima na kuuza kaunta. Mwanamke wa maneno matamu, akikuita "wifi" unasahau ulichofuata. Wa tatu, jina lake Sikujua, alipanga rafu na kukagua tarehe za makopo, na macho yake, jamani, yaliona hata kisichomhusu.

Siku moja Mzee akaja, ufunguo mpya unaning'inia kidoleni.

"Nafungua duka la pili, kule stendi. Mmoja wenu atakuwa msimamizi wake. Nitamtaja Idi ikipita."

Haya! Sahani moja ikawa sahani tatu.

Wivu ukaanza kwa Mashavu. Akasema moyoni, huyu Hatibu atapewa kwa ukongwe tu. Akaanza kukuza nyongeza. Mnaijua nyongeza: muuzaji akishapima, hutupia konzi moja juu, mteja aondoke roho nyeupe. Mashavu akatupia konzi mbili, kisha tatu. "Chukua, wifi, na wewe una watoto." Mji ukahamia kwake. Hata wanawake wa ng'ambo ya mto wakayaacha maduka ya kwao. Watu mpaka barazani, na Mzee akipita anatabasamu.

Wivu ukamwingia Hatibu. "Anagawa kwa mkono wake jasho la bega langu!" Akafanya nini? Akachukua magunia ishirini ya mchele mzuri, akayaingiza chumba cha nyuma, akatia kufuli lake mwenyewe. Mashavu akiagiza, anajibiwa, "Umekwisha, mama nyongeza. Gawa chumvi." Alitaka tu mwenzake aaibike mbele ya wateja.

Wivu ukamwingia Sikujua, tena wake ulikuwa wa kimyakimya. Yeye hakuwa na konzi wala bega. Alimwona Hatibu akitoka chumba cha nyuma anajikung'uta vumbi, akajua kuna jambo. Akanyamaza. Alinyamaza siku tisa! Mimi nisingeweza hata dakika tisa. Alikuwa anangoja ubaya wa mwenzake uive vizuri.

Ndipo mvua ikaja. Mvua ile ilibeba daraja, malori ya mchele yakabaki upande wa pili. Maduka yote yakakauka. Idi imebaki siku mbili, na wateja wa Mashavu wamejaa mlangoni wanaulizia mchele. Mzee kashika kichwa.

"Hawa wakirudi mikono mitupu leo, hawaji tena. Na hilo duka la stendi lisahauni."

Sikujua akamsogelea, sauti ya asali. "Mzee, mchele upo. Muulize Hatibu anafuga nini chumba cha nyuma."

Mzee akavunja kufuli. Juu ya paa kuna tundu, maji yanadondoka tii, tii, tii. Magunia mawili yamekwisha kuloa, la tatu linasubiri zamu yake. Wangechelewa mpaka jioni, mchele ungekuwa uji. Wakayatoa kumi na manane makavu. Mji ukala pilau, na tangu siku ile hakuna mteja aliyetaja duka jingine.

Idi ikapita. Mzee akaweka ufunguo juu ya kaunta. Wote watatu wakasema kwa mkupuo. Mimi nawapangia mmoja mmoja.

Mashavu alisema, "Mchele bila mteja ni chakula cha panya. Wateja nimewaleta mimi, kwa mkono huu."

Hatibu alisema, "Na kwa mkono huo huo ungeumaliza kabla ya mvua. Nisingeuficha, ungewapa nini? Wifi, wifi?"

Sikujua alisema, "Nyote mlikuwa mnamwibia Mzee, mmoja mchana kweupe, mmoja kwa kufuli. Nisingesema, mchele ungeota majani."

"Siku tisa ulikuwa unajua!" Hatibu akamrukia. "Ulikuwa unampenda Mzee, au unatuchukia sisi?"

"Kwani nyie mlikuwa mnampenda nani?"

Mzee akamgeukia mkewe, Bi Kuziwa, aliyekaa juu ya gunia la maharage anachambua kucha.

"Mama, unasemaje?"

"Mimi ningeipa ile mvua. Ndiyo pekee iliyofanya kazi yake bila kumtazama mwenzie."

"Mvua haikai kaunta, mke wangu."

Mzee akauinua ufunguo. Mikono mitatu ikanyooshwa.

Alimpa nani, najua. Siwaambii ng'o, maana nataka niwasikie mkigombana. Aliyewaita watu kwa wivu, aliyeuhifadhi mchele kwa wivu, aliyeufichua kwa wivu: ufunguo ungekuwa wako, ungeuweka katika mkono wa nani?