Gari Lililosimama Kila Mlango

Hapo zamani, katika mji wa Mwambakuu, alikuwako Sultani jina lake Hemedi, mtu mwema wa moyo lakini mwenye haraka, ambaye alipenda jambo jipya kuliko chakula. Basi siku moja wakamjia wageni wa nchi za mbali, wakamhadithia kwamba kwao watu hawaendi tena sokoni kwa miguu, bali hupanda gari kubwa lenye viti, livutwalo na nyumbu juu ya reli za chuma, na gari hilo huitwa tramu. Sultani aliposikia hayo aliuacha wali wake sahanini unapoa, akamwita Fundi Mkuu, akamwambia, "Nataka tramu kutoka kasri yangu hata sokoni, wala sitaki kuingojea mpaka niote mvi."

Huyo Fundi Mkuu alikuwa bingwa wa kalamu. Akatandaza karatasi, akaweka rula, akapiga mstari mmoja ulionyooka kutoka kasri hata sokoni, kisha akainua rula na kazi ikawa imekwisha. Nje hakutoka, kwa maana jua lilikuwa kali. Mstari ule ukapita katikati ya Mtaa wa Mkadini, juu ya baraza zote za upande mmoja, ukakata jiko la Bi Kazija na ukamalizia juu ya choo chake. Lakini karatasi, kama tujuavyo, haipigi kelele.

Bi Kazija alikuwa mjane mpika vitumbua, na biashara yake aliifanyia barazani pake. Juu ya baraza hiyohiyo alikaa Ngwali, maskini hohehahe asiye na nyumba wala shamba wala hata kuku wa kumkimbiza. Kila asubuhi Ngwali alimtekea maji na kumkokea moto, naye akapewa vitumbua vyake vitatu, cha nne siku ya Ijumaa. Watu walimwita mpumbavu, kwa sababu neno ukimwambia alilishika vilevile lilivyotamkwa. Jirani alipomtuma sokoni akatazame kama wako samaki, alikwenda akawatazama, akarudi mikono mitupu na kusema, "Wako, tena wazuri sana." Mimi nisemaye nawe sijapata kuona upumbavu katika jambo hilo. Aliyetaka kununuliwa samaki angesema.

Basi wakaja watumishi wa Fundi Mkuu na ngeu, rangi nyekundu ya mafundi, wakatia alama kila ukuta wa kubomolewa. Walipokwisha kutia alama jikoni kwa Bi Kazija na chooni kwake, mama yule akakaa chini akalia. Akasema, "Ngwali mwanangu, baraza ikivunjwa vitumbua nitauzia wapi? Na jiko likienda, nitapika juu ya kichwa changu?" Ngwali roho ikamuuma sana, kwani baraza ile ilikuwa ndiyo nyumba yake, na Bi Kazija ndiye mama aliyebaki naye duniani. Akamwambia, "Nyamaza, mama. Mstari umechorwa na mtu, si maandiko ya mbinguni."

Kesho yake watu wa Mkadini wakaenda barazani kwa Sultani kulalamika. Sultani akawapokea vizuri, akasema, "Mimi si dhalimu. Semeni, mwataka reli ipite wapi na gari lisimame wapi?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mshona kofia akasema, "Maulana, tramu ni jambo la heri. Isimame mlangoni kwangu, ila reli ipite kwa huyu mwuza mafuta, ana ukuta mbovu." Mwuza mafuta akaruka, akasema, "Ukuta mbovu wa nani? Reli ipite kwako, na gari lisimame kwangu, maana mapipa ni mazito!" Ikawa kila mtu ataka gari lake na kumpa jirani reli, wakapayuka kama kuku walioona kicheche, mpaka kilemba cha Waziri kikaanguka.

Sultani akapandwa na hasira, akapiga mkono juu ya mto, akasema, "Kimya! Nimewasikia. Basi nawapa siku tatu mniletee gari lisimamalo mlangoni kwa kila mmoja wenu, na reli isipite mlangoni kwa hata mmoja. Msipoleta, siku ya nne nyundo zitafuata mstari wa Fundi Mkuu."

Watu wakainamisha vichwa, kwani waliona wamejifunga kwa ndimi zao wenyewe. Ndipo Ngwali akajitokeza nyuma ya umati, shuka lake limechanika begani, akasema, "Maulana, gari hilo likipatikana, nani atakuwa shahidi kwamba limesimama kila mlango?"

Sultani akasema, "Nitalipanda mimi mwenyewe, nyumba ya kwanza hadi ya thelathini."

"Na ukishuka njiani, Maulana?"

Watu wa kasri wakacheka. Sultani akacheka nao, akasema, "Nishuke mimi? Nikishuka kabla ya nyumba ya mwisho mmenishinda, na reli nitaipitisha mtakapo."

Ngwali akasujudu, akaenda zake.

Siku zile tatu hakushika nyundo wala msumari. Alipita nyumba kwa nyumba, na kila mlango akasema neno moja tu: "Siku ya tatu Sultani atasimama hapa. Mkaribisheni kwa desturi." Na desturi ya Mkadini, tangu enzi za mababu, ilikuwa hii: mgeni akisimama mlangoni hapewi nafasi ya kuondoka mpaka aulizwe hali, na hali ya nyumba, na hali ya mbuzi, kisha anyweshwe. Akikataa kinywaji, basi ametangaza kwamba ana kinyongo na nyumba ile, na kinyongo cha namna hiyo hurithiwa na wajukuu. Alipofika kwa Bi Kazija, Ngwali akasema, "Wewe mama usipike kahawa. Fagia choo, ujaze mtungi wa maji."

Bi Kazija akamtazama. "Ngwali, umepatwa na nini?"

"Fagia tu, mama."

Siku ikafika. Sultani akaja na joho lake jeupe, Waziri kushoto, Fundi Mkuu kulia na karatasi yake kwapani. Pale mwanzo wa mtaa akakuta rukwama, mkokoteni wa mahamali, imetandikwa mkeka, na Ngwali ameshika mikono miwili ya rukwama hiyo.

Sultani akauliza, "Gari li wapi?"

"Ndilo hili, Maulana."

"Na nyumbu?"

"Nyumbu ni mimi."

"Na reli?"

"Maulana uliamuru isipite mlangoni kwa mtu. Haikupita."

Waziri akakunja uso, lakini Sultani alipenda jambo jipya kuliko chakula, akapanda. Rukwama ikaenda hatua kumi, ikasimama kwa mshona kofia. Mshona kofia akatoka na birika, akauliza hali, na hali ya kasri, na hali ya mbuzi wa kasri, akamimina kahawa. Sultani akanywa, akasifu. Kwa mwuza mafuta akapewa chai ya tangawizi, kikombe cha shaba kilichojaa. Nyumba ya tatu akapewa maji ya ukwaju, ya nne dafu, ya tano kahawa tena. Sultani akafurahi sana, akasema, "Kumbe watu wangu ni wakarimu hivi, nami sikujua!"

Kati ya mlango na mlango Ngwali hakuliacha jiwe. Kila jiwe la njia alilipitia, tena katikati, na rukwama ikaruka na kutua, na Sultani akaruka na kutua pamoja na vyote alivyokunywa. Nyumba ya tisa aliacha kuuliza habari za mbuzi. Ya kumi na mbili akaanza kubana magoti. Ya kumi na nne jasho likamtoka, na Waziri akamnong'oneza, "Maulana, kataa."

Sultani akajibu kwa meno yaliyokazana, "Nitakataaje? Nimekunywa kwa kumi na nne. Nikikataa kwa wa kumi na tano ataambiwa nina kinyongo naye, na maskini huyo hatalala." Nami kwa neno hilo nampenda Sultani Hemedi hata leo. Akanywa. Ilikuwa togwa, kata nzima ya kifuu.

Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ya Bi Kazija. Mama yule alikuwa amesimama mlangoni, kanga safi, mikono mitupu. Sultani alipoona hana birika machozi yalimlengalenga kwa shukrani.

"Bibi," akasema kwa taabu, "huna kahawa?"

"Sina, Maulana. Jiko langu li kwenye mstari."

"Basi una nini?"

"Nina choo, Maulana. Kimefagiwa, na maji yamo."

Sultani akatazama mbele. Ilisalia milango kumi na mmoja, na katika kila mlango palikuwa na mtu na birika lake linafuka moshi. Ngwali akainua mikono ya rukwama kama ataka kuendelea, na mbele yake palikuwa na jiwe kubwa kuliko yote ya mtaa. Sultani akapaza sauti, "Simama, mwana wa balaa!" akaruka chini, akalikusanya joho lake, akapita jikoni mbio hata viatu vikabaki nje.

Mtaa mzima ukageuka kando kwa adabu. Wakatazama mawingu.

Alipotoka uso wake ulikuwa umekunjuka, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyeipata roho yake. Ndipo akaiona alama nyekundu ukutani. Akauliza, "Hii ni nini?"

Bi Kazija akasema, "Ni alama ya kubomoa, Maulana. Yako."

Sultani akamgeukia Fundi Mkuu. "Ulipokitia choo hiki alama, ulikiona?"

Fundi Mkuu akaitazama karatasi yake. "Niliuona mstari, Maulana."

Sultani akaangua kicheko, akacheka mpaka akaketi juu ya baraza ya Bi Kazija, na watu wakacheka naye. Kisha akasema, "Nimeshuka, nami ni mtu wa neno langu. Choo hiki hakibomolewi, wala jiko hili, wala baraza hizi. Reli itazunguka nyuma ya mtaa, kwenye uwanja wa majani. Sasa niambieni, gari lisimame wapi?"

"Mlangoni kwangu!" wakapiga kelele wote.

Ngwali akakohoa. "Atakaye gari mlangoni kwake rukwama iko tayari. Apande sasa hivi, asimame kwa jirani wote, na vinywaji bado vya moto."

Kelele zikakatika. Mwuza mafuta akajikuna kichwa, akasema, "Mwanzo wa mtaa panatosha. Hata miguu ina haki yake." Mshona kofia akasema, "Na mwisho wa mtaa, kwa wazee." Na hiyo ikawa mara ya kwanza wawili hao kukubaliana tangu kuoana kwa watoto wao.

Sultani akamwuliza Ngwali, "Mbona hukuja kuniambia tu kwamba mpango ni mbaya?"

Ngwali akasema, "Maulana, ningesema ungenijibu. Kahawa haijibiwi."

"Haya, omba zawadi."

"Baraza imebaki, Maulana, na mama halii. Sina la kuomba. Ila mgongo waniuma, na mtaa haujaisha."

Sultani akafahamu, akacheka tena. Akamweka Ngwali juu ya mkeka, akaitwaa karatasi kwapani mwa Fundi Mkuu, na mikono ya rukwama akamkabidhi yeye. Fundi Mkuu akavuta. Milango ilisalia kumi na mmoja na desturi ni desturi: kila mlango aliulizwa hali, na kila mlango alinyweshwa, kwa kuwa mvutaji naye ni mgeni. Ngwali, kwa upande wake, alikuwa amefunga siku hiyo.

Walipofika nyumba ya thelathini, Fundi Mkuu aliitupa rukwama, akarudi mbio kwa kufuata mstari wake mwenyewe, moja kwa moja, hata nyumbani kwa Bi Kazija. Akataka kupita ndani kama walivyopita watumishi wake na ngeu. Bi Kazija akasimama mlangoni, akaunyosha mkono mmoja mpaka mwimo wa pili wa mlango.

"Bisha hodi, baba," akasema. "Hapa pana watu."

Fundi Mkuu akabisha hodi.