Sumaku Kumi na Kiatu cha Kushoto

Anayemwonea haya mkunga hubaki na uchungu wake. Mke wa mpiga gitaa mmoja aliyasikia maneno hayo tangu utotoni, lakini Jumamosi ile asubuhi, alipoingia kwa fundi akichechemea, alikuwa ameyasahau.

Alikuwa ameburuta sanduku la gitaa la mumewe, lile la kulazwa, lenye nyuzi kumi na pedali za miguuni. Saa nane mume angerudi kutoka safarini, na saa tisa angerekodi na kundi lake. Nafasi hiyo aliisubiri miaka sita.

"Karibu, shemeji. Mbona unachechemea?"

"Kiatu kipya," akajibu upesi. "Nyuzi nyingine zinalia, nyingine zinanong'ona tu."

Fundi, ambaye watu walimwita Kobe kwa utaratibu wake, aliinamia kinasa sauti, kile kipande chenye sumaku kumi kinachokaa chini ya nyuzi. Kila uzi ulipaswa kupita katikati ya sumaku yake. Wa kwanza ulipita pembeni. Wa kumi uliangukia nje kabisa. Akakipandisha kidogo kwa bisibisi, akagusa uzi, akasikiliza. Akakishusha. Bado.

"Liliwahi kuanguka?"

"Hata! Liko hivyo tangu linunuliwe."

"Basi mumeo ni mchawi, kupiga gitaa lenye makengeza."

Mwanamke akacheka kicheko cha mdomoni.

Fundi akapima kwa rula mara tatu. "Kama ndivyo lilivyozaliwa, itabidi nitoboe matundu mapya, nikisogeze. Lakini mbao haioti tena, shemeji. Una hakika?"

"Toboa tu."

Simu ikatetemeka mkobani. Mumewe. Hakuipokea. Keekee ikaanza kunguruma, ncha yake ikashuka taratibu kuelekea kwenye ile rangi nyekundu ambayo mumewe huifuta kila wiki kwa fulana kuukuu.

"Acha, fundi!" Sauti ilimtoka kama si yake. "Liliniponyoka juzi nikipangusa vumbi. Mume wangu aliniambia nisiliguse. Hicho kipande kiling'oka, nikakirudisha mwenyewe."

Fundi akazima keekee. Akakitazama kinasa sauti kwa muda.

"Ukakirudisha kinyume. Kichwa umekilaza miguuni."

Akafungua skrubu mbili, akakigeuza, akafunga. Nyuzi kumi zikatua juu ya sumaku kumi, kila mmoja na yake. Alipozigusa, zote ziliitika kwa sauti moja. Kazi yote haikumaliza dakika tano.

"Ungeniambia ulipoingia, saa hizi tungekuwa tunakunywa chai," fundi akasema, bila ukali.

Simu ikatetemeka tena. Safari hii alipokea, akasema yote kwa pumzi moja: vumbi, sakafu, kipande, keekee.

"Lilikuangukia wapi?" mume akauliza.

Hapo machozi yakamtoka. Akavua kiatu cha kushoto. Kidole gumba kilikuwa cheusi, kimevimba kama kiazi. Fundi akamsukumia kiti, akaenda kutafuta barafu.

Gitaa lilikuwa limekwishapona. Mguu, uliofichwa siku mbili ndani ya kiatu, ndio kwanza ulikuwa unaanza kutibiwa. Hakika, mficha uchi hazai.