Doa la Pembe ya Chini

Mwalimu mmoja, ndugu zangu, alikuwa na macho mabovu tangu utotoni. Jicho la kushoto halikuwa na faida kubwa. Aliishi kwa la kulia, na hilo nalo kwa miwani minene kama kitako cha glasi. Starehe yake ilikuwa moja: Jumamosi mchana, kucheza gemu ya mpira kwenye kompyuta na mdogo wake aliyehamia mji wa mbali. Huyu huku, yule kule, wanacheza huku wakitaniana kwenye simu. Tangu wawazike wazazi wao, huko ndiko walikokuwa wakikutana.

Basi mwalimu akaanza kufungwa, na magoli yote yakipita pembe ya chini, kushoto.

"Kaka, winga wangu anapita hapo kama nyumbani kwao," mdogo wake akamwambia. "Humwoni?"

Mwalimu akatazama. Kwenye pembe ile palikuwa na doa la kijivu, kama mtu kashika kioo kwa vidole vya mafuta. Akalifuta kwa shati, halikutoka. Akasema skrini imechoka, na Jumatatu akaenda dukani.

Msiwe wepesi kumcheka. Alichagua kwa makini yule bwana: kioo kikubwa, kisichometameta, mwanga usioumiza macho. Akapewa skrini ya inchi ishirini na saba. Baada ya wiki mbili akairudisha, ina doa. Muuzaji akaiinamia, akaigeuza, hakuona kitu. Lakini huyu ndiye mwalimu aliyemfundisha kusoma. Angeanzaje kumwambia umekosea? Akampa nyingine, inchi thelathini na mbili.

"Baba, nenda hospitali kwanza," mkewe akamsihi.

"Macho haya nimekaa nayo miaka hamsini, mama. Kibovu ni kioo."

Doa likapanda mpaka karibu na katikati. Wiki ya tano akarudi dukani na skrini yake, amefura.

"Mnaniuzia vibovu kwa sababu mnajua sioni vizuri," akasema.

Muuzaji akaiweka ile skrini chini, nyuma ya meza, isionekane kabisa.

"Mwalimu, unisamehe," akasema. "Hebu nitazame mimi."

Mwalimu akamtazama. Doa lilikuwa limekaa kwenye shavu la mwanafunzi wake, limemfunika na nusu ya mdomo.

Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

Hospitalini daktari akamwambia utando wa nyuma ya jicho umebanduka, akamuuliza kivuli kilianza lini. Akajibu, wiki tano. Daktari akasema, "Ungekuja wiki ile ya kwanza, tungeliokoa jicho." Yule muuzaji, aliyempeleka mwenyewe, alisimama mlangoni akilia, maana naye alikuwa amejua kwamba kioo ni kizima, akaona aibu kusema.

Siku hizi Jumamosi mdogo wake anapiga simu, wanaongea habari za mvua na za watoto. Habari ya gemu hawaigusi.

Na sisi je? Tumebadilisha walimu wa kwaya watatu kwa mwaka mmoja. Tumehama jumuiya, tumehama ibada ya kwanza kwenda ya pili, tumegombana na jirani wa kulia, tukahama nyumba, tukagombana na wa kushoto. Mimi mchungaji wenu nimewakataa makatibu wawili, nikasema hawa hawafai, na alipokuja wa tatu nikamwona na kasoro ile ile, mahali pale pale. Naumia kuwaambia hili, lakini ni kweli. Na wangapi kati yetu tumeona kioo cha mwenzetu ni kizima, tukambadilishia tu, kwa heshima?

Yule mwalimu hakukosa dawa. Ilikuwapo, mtaa wa pili, wiki zote zile alipokuwa akichagua skrini.

Doa lako wewe lina wiki ngapi?